Mkate Juu ya Paa la Shangazi

Saa ya kuwatazama wagonjwa ilikuwa imefika, na ua wa hospitali haukuwa na pa kukanyaga. Wake kwa waume walisukumana langoni na vikapu vyao, chupa za chai mikononi, watoto wakiburutwa nyuma, na mlinzi akipiga kelele ambazo hazikusikilizwa na mtu. Ndipo Fundi akateremka.

Nasema akateremka kwa sababu alikuwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu, miguu juu, akishuka mteremko wa saruji kwa kasi kama mtoto aliyetoroka shule. Mgonjwa hakuwa. Mzima wa afya yule, mabega mapana, ovaroli ya buluu imekolea grisi, ndevu kazichonga utadhani anakwenda kupiga picha. Yeye ndiye aliyetengeneza viti vya wagonjwa wa hospitali nzima, na hakuwa akirudisha kiti wodini mpaka akijaribu mwenyewe. Kazi ya kujaribu aliipenda kupita kiasi, na siku ile breki ya kushoto ilikuwa bado imemnunia.

"Pisheni! Jamani, pisheni!"

Watu wakapisha. Kunguru waliokuwa wanatembea chini, kundi zima, wakaruka kwa makelele. Kiti kikaenda kikagota kwenye benchi la mbao kando ya ukuta, na kwenye benchi hilo alikuwa amekaa dada mmoja mwenye ubao wa kuandikia mapajani. Kalamu ikamponyoka.

"Samahani sana, dada. Umeumia?"

Dada hakumtazama. Alikuwa anatazama juu, kule kunguru walikokimbilia. Kisha akaangalia saa ya mkononi, akavuta pumzi, akapiga mstari mrefu kwenye karatasi yake kutoka pembe hadi pembe.

"Umeniharibia dakika kumi."

"Hizo tu? Nitazirudisha."

"Dakika zinarudishwaje?"

"Nitakaa na wewe kumi nyingine."

Dada akacheka bila kupenda. Alikuwa amevaa gauni la rangi ya vumbi, kofia pana ya kitambaa ya rangi hiyohiyo, na viatu vya raba ambavyo navyo vilikuwa vumbi tupu. Mtu angeweza kumpita mara mbili asimwone. Fundi alimwona mara moja, ikawa imetosha. Kesho yake breki ilikuwa imetengemaa, lakini alipita tena pale benchini, safari hii kwa miguu, vikombe viwili vya chai mkononi.

Chai ilitoka kwa Shangazi. Kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa karakana ya Fundi, paa moja la bati limevifunika vyote viwili. Alikuwa shangazi yake kweli, dada wa marehemu baba yake, aliyemlea tangu hajui kufunga kamba za viatu. Lakini hospitali nzima, kuanzia madaktari hadi wafagiaji, ilimwita Shangazi, na yeye aliwaitikia wote kama waliozaliwa nyumbani kwake. Aliuza chai, mkate na mayai ya kuchemsha. Kwa kibanda hicho alimsomesha Fundi ufundi wake, na kwa kibanda hicho alikuwa akila mpaka leo.

Yule dada naye akapewa ukoo pale haraka. Walimwita Dada wa Ndege. Kunguru walikuwa wamezidi hospitalini, wanaingia madirishani, wanapokonya wagonjwa chakula kwenye sahani. Wakubwa wa hospitali walitaka kujua wanafuata nini kabla ya kuchukua hatua yoyote. Profesa mmoja wa chuo kikuu akapewa kazi hiyo, akamtuma mwanafunzi wake akae uani awatazame. Shahada yake ilikuwa inategemea kazi hiyo.

"Sasa unaandika nini kutwa nzima?" Fundi alimuuliza. "Unawaandikia barua?"

"Naandika wanachofanya. Nachagua mmoja, namfuata kwa macho dakika kumi bila kumwachia. Akila, naandika anakula. Akijikuna, anajikuna. Zikiisha, nainua kichwa nawahesabu wote, wangapi wako wapi, halafu nachagua mwingine."

"Na akikasirika?"

"Sijui kama anakasirika."

"Kunguru hakasiriki? Wewe hujala mkate hapa nje!"

"Hasira siioni, Fundi. Naona katanua mbawa, kafungua mdomo, kamkimbilia mwenzake. Naandika hicho. Naandika ninachokiona, siandiki ninachodhani. Na siwalishi, siwafukuzi, sifanyi lolote. Nikiwagusa tu, sitakuwa nawaandika wao tena, nitakuwa najiandika mimi."

"Basi niandike na mimi. Unaona nini?"

Dada akamkazia macho yake makubwa, yale yasiyopepesa, mpaka Fundi akahisi joto shingoni.

"Mwanamume mmoja. Kainamisha kichwa upande. Anatabasamu. Kamwaga chai kwenye kiatu chake."

Fundi akatazama chini. Kweli.

Mapenzi yao yakaota hivyo, kikombe kwa kikombe. Shangazi akaona, akajitia hamnazo, ila chai ya benchini akaanza kuitia sukari ya heshima. Fundi naye akawa haishiwi na sababu za kupita. Kuna kitu kimoja tu kilichokuwa kikimkereketa. Kila siku gauni lilelile! Moyoni akasema, maskini, hana la kubadilisha. Akajinyima, akaenda dukani, akamnunulia blauzi ya njano, njano ya kuumiza macho, yenye vifungo vya lulu mbele.

Dada aliifungua, akaitazama, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Fundi! Magauni kama hili nililovaa ninayo manne, nimeshonesha kwa makusudi. Kunguru wanazoea. Nikija na hii wataruka wote mpaka mji wa pili."

"Kwa hiyo unanirudishia?"

"Thubutu! Nitaivaa siku ambayo sina kazi." Akaikunja polepole, akaitia mkobani, na mkono wake ukachelewa kidogo kutoka mkobani, kama mtu anayeaga.

Mambo yangeishia hapo, tungekuwa tunazungumza harusi sasa hivi. Lakini jioni moja simu ya Fundi iliita.

"Laazizi wangu," alipokea, sauti imejaa asali.

"Fundi, kunguru wanapungua."

"Si ndiyo hospitali wanachotaka?"

"Hawajafa, wamehama. Leo uani nimehesabu wachache mno. Profesa anadhani wanakwenda jalala la mji, kule ng'ambo. Anasema ua ukiwa hivi hadi mwisho wa mwezi, ananihamishia huko."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka kazi iishe. Kunguru wakienda, na mimi naenda."

Aliposema hivyo sauti yake ilikuwa ndogo. Fundi akamtania, akamwambia atamjengea kibanda jalalani, wakacheka, wakaagana. Kisha akabaki amekaa na simu mkononi, asali yote imemkauka kooni.

Asubuhi yake, kabla Dada hajafika, alichukua mkate uliolala kwenye pipa la Shangazi, akaumega, akaurusha juu ya paa la bati. Hata hakufikiri sana, na hilo ndilo linaloniudhi mimi. Mtu ameelezwa waziwazi, amekalishwa benchini akaambiwa kwamba ndege hawa hawalishwi wala hawaguswi, na bado! Yeye alichokiona mbele yake ni benchi tupu tu.

Kunguru wakarudi. Kwanza akaja mmoja mwenye ukucha uliopinda, ambaye Fundi alimwita Karani kwa jinsi alivyopenda kusimama na kuchungulia karatasi za watu. Karani akaleta wenzake. Haikupita wiki wakawa wanamsubiri Fundi mlangoni mwa karakana, na Karani anamfuata nyuma kwa mwendo wa mtu anayedai haki yake.

"Wamerudi, mpenzi!" Dada alishangilia kwenye simu. "Na wanatua mahali pamoja, juu ya paa la Shangazi. Profesa kafurahi, hujawahi kuona! Anasema sasa tuna kitu cha kusema."

"Vizuri," alisema Fundi.

"Mbona hufurahi?"

"Nafurahi. Nimechoka tu, viti leo vilikuwa vingi."

Kuanzia hapo dhamiri ikawa inamsuta, lakini kila akitaka kuacha, anaiona sura ile chini ya kofia, na mkono unakwenda pipani wenyewe. Shangazi aliuliza mkate wake wa akiba unaliwa na nani. Fundi akasema panya.

Asubuhi moja Dada alifika mapema. Alitaka amshtukize mpenzi wake, awahi kumpa salamu kabla dunia haijaamka. Akiwa langoni akaona mkono wa ovaroli ya buluu ukiinuka juu, na kunguru wakishuka pamoja juu ya bati. Alisimama. Kisha akaja taratibu.

"Unafanya nini?"

Fundi aligeuka kama aliyemwagiwa maji. "Nawafukuza hawa. Wananichafulia paa."

Kwenye mkono wa ovaroli kulikuwa na makombo ya mkate. Dada aliyatazama. Akanyoosha vidole, akayapangusa yote, moja moja, mpaka mkono ukawa safi. Akaangalia saa yake. Muda wa kazi ulikuwa haujaanza. Akaenda benchini kwake, akakaa, na ulipoanza akachagua kunguru mmoja akamfuata kwa dakika kumi, na karatasini hakuandika neno lolote juu ya mkono ule.

Siku ya ripoti ilikuja. Wakasimama uani palepale: Msimamizi wa hospitali na suti yake ya kijivu, Profesa, ambaye alikuwa mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba, na Dada wa Ndege akiwa na karatasi zake. Alisoma kwa sauti iliyonyooka. Kunguru walio wengi hutua juu ya paa la kibanda cha chai. Hutua asubuhi. Wanachokula ni mkate.

"Basi hakuna la kuzungusha," alisema Msimamizi, akamgeukia Shangazi aliyekuwa mlangoni mwa kibanda. "Mkate unatoka wapi kama si kibandani? Mama, utatuwia radhi. Mwisho wa wiki hii kibanda kifungwe."

"Mkate wangu nafunika," alisema Shangazi. Alikuwa bado ameshika kitambaa cha kushikia birika. "Baba, mimi miaka yote nafunika. Njoo uone."

"Yameandikwa, mama. Mtaalamu ameona kwa macho yake."

Shangazi akamgeukia yule binti wa sukari ya heshima. Akamtazama.

Fundi alikuwa mlangoni mwa karakana, spana mkononi. Sema, alijiambia. Sema sasa hivi. Akafungua mdomo, na hapohapo Karani akaruka kutoka juu ya bati, akatua chini, akatembea moja kwa moja mpaka miguuni pake. Akaja wa pili. Wakaja wengine. Wakasimama wamemzunguka, vichwa juu, wote wanaitazama mikono yake.

Msimamizi alikuwa anajibu simu. Profesa alikuwa anafuta miwani. Kwa wengine wote walikuwa kunguru tu. Mtu mmoja ndiye aliyejua kusoma kile kilichokuwa pale chini, naye alikuwa anasoma. Macho yao yakakutana juu ya vichwa vya ndege. Fundi akainamisha uso. Dada akasubiri kidogo, kisha na yeye akainamia karatasi zake. Mkutano ukafungwa.

Lo, kimya kile! Wamesimama pale watu wawili wenye akili zao, wanapendana, na bibi wa watu ananyang'anywa riziki yake mbele ya macho yao.

Alasiri ile Fundi alimsaidia Shangazi kufungasha. Sufuria zikaingia kwenye boksi, vikombe vikafungwa kwenye magazeti. Kila alichokishika kilimuunguza. Alipofikia birika kubwa, lile alilokuwa akisimamia kigoda kulifikia utotoni, machozi yakamshuka.

"Ala! Mwanamume mzima unalilia birika?" alisema Shangazi. "Weka chini. Tutapata pengine, mwanangu."

"Shangazi, ni mimi."

"Wewe nini?"

"Mkate. Mimi ndiye nilikuwa nawarushia juu ya paa. Kila asubuhi."

Shangazi aliketi juu ya boksi. Akawa anakikunja na kukikunjua kile kitambaa cha birika.

"Mkate wangu?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Ule niliokuuliza unaliwa na nani, ukaniambia panya?"

"Ndiyo."

"Nilinunua mtego." Akainua kidole cha shahada, kikiwa na ukucha mweusi. "Nikautega kwa mkono wangu, ukanibana kidole. Ukanifunga kitambaa wewe mwenyewe, ukaniambia pole Shangazi, hawa panya wamezidi."

Fundi alitamani ardhi ipasuke. Kama angepigwa, angeshukuru. Shangazi hakumpiga. Alimuuliza tu kwa nini, akaambiwa, akatikisa kichwa.

"Umemwambia yule binti?"

"Nikimwambia nitamkosa."

"Na usipomwambia, mimi ndiye nitakayekosa. Ndivyo ulivyopanga?"

"Hapana, Shangazi."

"Basi nyanyuka. Mimi siwezi kukaa nyumbani kutwa nikigombana na redio."

Fundi alitoka nje, akampigia Dada simu. Iliita sana kabla haijapokelewa.

"Ni mimi niliyekuwa nawalisha," alisema bila salamu. "Kunguru. Nilikuwa nawarushia mkate kila siku kabla hujaja."

Akaibana simu sikioni.

"Mpenzi, unanisikia?"

"Kwa nini?"

"Usiende jalalani."

"Usiende jalalani!" Sauti ikampanda. "Nimekaa kwenye jua lile, nimechubuka pua, nimeandika karatasi kwa karatasi, kumbe naandika mkono wako! Nilikueleza. Nilikueleza siku ya kwanza kabisa!"

"Ulinieleza."

"Nimesimama mbele ya watu nikakifunga kibanda cha shangazi yako kwa kinywa changu. Umenifanya mimi nimfukuze yule mama. Kweli, Fundi?"

"Nilikupenda. Sikujua nifanye nini."

"Usinitajie kupenda! Kesho asubuhi uende kwa Msimamizi. Na hii namba usiipige tena."

Akakata. Kisha Dada akaketi kitandani kwake, akautazama mkoba uliokuwa na blauzi ya njano, akalia. Msomaji wangu, alilia kilio kisicholingana na mtu aliyekosewa.

Ofisini kwa Msimamizi Fundi aliongea yote wima, akaponea chupuchupu kufukuzwa kazi. Profesa alisikiliza mpaka mwisho, kisha akavaa miwani yake.

"Tunaanza upya," alisema. "Yote yaliyoandikwa hayafai. Kibanda kisifunguliwe kwanza, nataka nione kunguru watakwenda wapi bila mkate na bila kibanda. Na wewe kijana, kunguru wanashika sura ya mtu. Ukipita tu uani watakufuata. Mpaka kazi iishe, sitaki uonekane pale."

Basi Fundi akapelekwa kwenye ghala la hospitali, upande mwingine wa jiji, kuunganisha vitanda vibovu. Mtu na ua wake wakatenganishwa, mtu na mpenzi wake wakatenganishwa, na kila jioni alipita kwa Shangazi kumkuta amechemsha chai ya kutosha wodi nzima, kwa mazoea, akiwagawia majirani bure. Alikuwa akimkaribisha vizuri, na hilo ndilo lililomuumiza.

Alipiga simu, haikupokelewa. Akawa anatuma ujumbe. Nisamehe. Pole na jua. Leo mvua, umejikinga wapi? Najua sistahili jibu, nisamehe. Dada alikuwa akiusoma kila mmoja, pale benchini, chini ya kofia yake, na kila uliposema nisamehe alikuwa anaufunika uso wa simu kwa kiganja.

Siku moja akajibu: "Karani anasimama mlangoni mwa karakana. Anakaa. Anaondoka."

Fundi akaweka vifaa vyake chini. Akaandika: "Na wewe?"

"Mimi niko kazini."

Hakuongeza. Lakini Fundi aliusoma ujumbe ule wa Karani mpaka skrini ikamchosha macho.

Kazi ilichukua majira mazima. Na mwisho simu iliita yenyewe, Fundi akiwa chini ya kitanda cha chuma.

"Imeisha," alisema Dada.

"Na Shangazi?"

"Kunguru wanakwenda nyuma ya jiko la wodi. Kuna shimo la mabaki halina kifuniko. Walikuwa hata hawajafika jalalani, Fundi. Kama ungewaacha tu, wangenionyesha wenyewe. Kibanda kimefunguliwa leo."

"Mungu mkubwa!"

"Njoo uani. Saa ya kuwatazama wagonjwa. Nina neno la kukwambia, na si la simu."

Fundi alioga mpaka akajichubua, akavaa shati jeupe lililopigwa pasi, viatu akavifuta mara tatu. Ua ulikuwa umefurika kama siku ile ya kwanza, vikapu na watoto na mlinzi anayebwata. Shangazi alikuwa nyuma ya birika lake, mvuke umemfunika. Na kule benchini, jamani, ilikuwa inawaka njano! Blauzi imemkaa, vifungo vya lulu, kichwa wazi bila kofia. Kunguru wote walikuwa wamekimbilia juu ya ukuta, wanaikodolea macho.

"Umependeza," alisema Fundi.

"Usikae kwanza." Alikuwa ameshika mikono yake mwenyewe. "Nilikuona."

"Uliniona wapi?"

"Asubuhi ile. Nikiwa langoni nilikuona ukirusha, kisha nikakupangusa makombo. Nilijua ni mkate, na nilijua unarusha kwa sababu gani. Nikaangalia saa, nikajiambia muda wa kazi haujaanza, kwa hiyo haihesabiki. Hata mimi sikutaka kwenda jalalani."

Fundi akarudi nyuma hatua moja.

"Na siku ya mkutano niliwaona miguuni pako. Nikainama. Halafu ulipopiga simu nikakufokea wewe, ili nisijifokee mwenyewe. Ukaenda kwa Msimamizi peke yako. Siku zote hizi unaniomba msamaha, na mimi naupokea kama mtu safi."

"Jumbe zangu zote zile," alisema Fundi polepole.

"Ndiyo."

"Nimekuwa nikijiita mwizi. Kila usiku."

"Najua."

"Shangazi anajua?"

"Nimemwambia leo asubuhi. Akanionyesha kidole chake, akaniambia nikae hapa nikusubiri. Na Profesa nimemwambia. Itaandikwa kwenye ripoti kwamba mtazamaji alijua. Shahada yangu imesogezwa mwaka ujao."

Fundi alimtazama, na uso wake ulikuwa na kila kitu: hasira ilikuwepo, uchungu ulikuwepo. Akageuka, akaondoka. Hakuaga. Alitembea kuelekea langoni, akiwapita watu, na Dada hakumwita. Alijiambia hana haki hiyo. Akakaa tu akiutazama mgongo wa shati jeupe ukizidi kuwa mdogo.

Juu ya ukuta Karani alinyoosha shingo. Akashuka. Wakashuka wengine, wakawa wanamfuata Fundi nyuma, kundi zima katikati ya umati, mpaka watoto wakaanza kucheka na kumwonyesha kidole. Fundi akasimama. Akageuka, akawaona, na nyuma yao, mbali, akaiona ile njano peke yake benchini.

Akafungua viganja vyote viwili, akawaonyesha hana kitu.

Kisha akarudi. Akarudi njia ileile, kunguru wakimfuata kwa miguu, ila walipokaribia ile rangi wakasita, hawakuthubutu. Fundi alithubutu. Akaketi benchini, karibu, bega kwa bega.

"Nina dakika zako kumi," alisema. Sauti ilikuwa imekwaruza. "Za ile siku ya breki."

"Fundi..."

"Niandike."

"Sina karatasi."

"Sema tu. Unaona nini?"

Karani alingoja kidogo, akaitazama mikono mitupu, akachoka nayo. Akaruka juu ya paa la Shangazi, akalipita, akaenda zake nyuma ya jiko, na wenzake wakamfuata. Ua ukabaki na watu tu.

Dada alifuta macho kwa mkono wa blauzi mpya.

"Mwanamume mmoja," alianza. "Amekaa. Macho yake mekundu. Amekasirika."

"Hasira unaiona?"

"Siioni. Nadhani tu."

"Basi sema unachokiona."

Alimtazama muda mrefu, bila kupepesa, kama alivyozoea.

"Hajaondoka," alisema.